Ule Ukuta Tunaouona Kutoka Kibuye

Ukifika Kibuye asubuhi, kabla vumbi la soko halijaamka, tazama kaskazini-mashariki. Ule ukuta wa buluu ni ukingo wa Nandi: ardhi ilipasuka, upande wetu ukadidimia, tukabaki na uwanda wa Kano na ghuba. Leo tunauita mpaka wa kaunti, basi. Lakini reli ilipofika hapa Desemba 1901, Kisumu ilikuwa Uganda. Ndio wasee, Uganda! 1902 kalamu ya Mwingereza ikatuhamisha. Kule juu kalamu haikutosha. Wanandi walimpinga miaka kumi hivi, hadi Koitalel arap Samoei alipopigwa risasi 19 Oktoba 1905, kwenye kikao kilichoitwa cha amani. Wanandi waliokaa karibu na reli wakahamishwa. Na mvua ikinyesha huko, Nyando inateremka nayo, Ahero inalala majini.