Saratani ya Utumbo: Uvimbe Usirudi Pale Pale Ulipotolewa

Ami yangu alipotoka chumba cha upasuaji, nyumbani tulisoma dua tukaona yamekwisha. Mwaka wa pili haukuisha, akaanza kulalamika maumivu ya nyonga akikaa. Uvimbe ulikuwa umerudi pale pale. Tangu hapo nimeuliza madaktari na nimesoma, na haya ndiyo niliyotamani kuyajua mapema.

Saratani ikiwa sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, karibu na njia ya haja kubwa, ndipo hatari ya kurudi mahali pale pale ilipo kubwa. Nafasi ni finyu, kibofu, mishipa na mifupa vimebanana, na daktari hana pa kukatia kwa upana.

Mwaka 1982 daktari mpasuaji Bill Heald wa Basingstoke, Uingereza, alieleza kwamba mafuta yanayouzunguka utumbo huo huwa na seli za saratani zilizokwisha kutangulia. Kwa hiyo yatolewe yote pamoja na utumbo, utando wake ukiwa mzima. Anayejua kutoa nyongo ya samaki ataelewa: ukiitoboa, umeharibu nyama. Ndiyo maana mkono wa mpasuaji na uzoefu wake katika kazi hii hasa ni jambo la kuuliza, wala si utovu wa adabu.

La pili ni mionzi kabla ya kupasuliwa. Utafiti wa Sweden uliochapishwa 1997 ulionyesha kuwa siku 5 za mionzi zilishusha kurudi kwa uvimbe pale pale, katika miaka 5, kutoka asilimia 27 hadi 11. Hata pale upasuaji wa Heald ulipofuatwa, Waholanzi walipata mwaka 2001 kuwa mionzi iliongeza kinga: asilimia 2.4 badala ya 8.2 katika miaka 2. Si kila mgonjwa anaihitaji. Picha ya MRI ya nyonga ndiyo humwonyesha daktari.

Ami alishauriwa mionzi kwanza. Sisi jamaa tukaona ni kucheleweshwa. Mimi ni mmoja wa waliosema, "Ami, watoe tu, tusingoje."

Baada ya upasuaji, ombeni ripoti ya maabara mwisomewe. Muulize kama ukingo wa palipokatwa ni safi, yaani seli za saratani ziko mbali nao zaidi ya milimita 1, na tezi zilizopimwa zimefika 12. Ukingo usipokuwa safi, mpango wa matibabu hujadiliwa upya mapema.

Kisha kliniki. Uvimbe mwingi unaorudi huonekana miaka 2 au 3 ya mwanzo, kwa hiyo kipimo cha damu cha CEA, skani, na kamera ya utumbo baada ya mwaka mmoja visirukwe kwa sababu mgonjwa amenenepa na anakula vizuri. Ami alikuwa amenenepa. Damu kwenye haja, maumivu ya nyonga au ya kukalia, haja kubadilika: usingoje tarehe ya kliniki.

Sasa anapata mionzi pamoja na kemo, na faili lake nalibeba mimi.