Habari za Mwani Uliotakiwa Kutoa Mafuta

Petroli iendeshayo magari, meli na viwanda vya dunia asili yake, kwa sehemu kubwa, ni viumbe vidogo vya baharini, mwani ukiwa miongoni mwao, vilivyokufa vikazama, vikafunikwa na tope, kisha vikapikwa na joto la ardhi kwa mamilioni ya miaka. Kwa hiyo wataalamu waliodhani kwamba mwani ulio hai ungeweza kukamuliwa mafuta leo, bila kuingojea ardhi imalize kazi yake, walikuwa wakifuata dalili iliyo wazi. Mwani waliouazimia si ule wa kamba na vigingi ulimwao na wanawake wa Paje na Jambiani huko Unguja, bali ni jamaa zake wadogo mno, wa chembe moja moja, wasioonekana ila kwa hadubini, ambao wakikusanyika kwa wingi huyageuza maji ya dimbwi kuwa kijani. Mwaka 1942, katika dhiki ya vita, Wajerumani wawili, Harder na von Witsch, walikwisha kuandika juu ya kupata shahamu kutoka kwa mwani wa jinsi hiyo.

Lakini kazi yenyewe ilishika mizizi Marekani, baada ya Waarabu kuzuia mafuta yao mwaka 1973 na bei kupanda mara nne. Rais Jimmy Carter aliunda Wizara ya Nishati mwaka 1977, na mwaka uliofuata ukaanzishwa mpango wa kuchunguza viumbe vya majini, uliodumu hadi 1996 na kugharimu dola milioni 25 hivi, fedha ambazo kwa serikali ile zilikuwa haba. Kwa fedha hizo haba watafiti walizunguka madimbwi, maziwa ya chumvi na pwani, wakakusanya aina zaidi ya 3,000, wakazichuja hata zikabaki kama 300, wakaziweka amana katika Chuo Kikuu cha Hawaii. Mimi naihesabu kazi hii ya subira kuwa ndiyo fahari ya tarehe yote ya mwani.

Ndipo walipokutana na kizuizi ambacho hata leo hakijaondoka njiani. Mwani ulioshiba huzaa, na mwani wenye njaa hunenepa: ukiunyima naitrojeni hujiwekea akiba ya mafuta mwilini, lakini wakati huo huo huacha kuongezeka, hata mavuno ya siku, ukiyapima yote pamoja, hayazidi, na pengine hupungua. Maadamu desturi ya kiumbe ilikuwa hiyo, watafiti wakaazimia kukibadili kiumbe chenyewe. Paul Roessler na Terri Dunahay walikichunguza kimeng'enya ambacho kilidhaniwa kuwa ndicho mlango wa utengenezaji wa mafuta, wakaitoa jeni yake katika mwani uitwao Cyclotella cryptica, wakairudisha humo kwa nakala za ziada, jambo lisilopata kufanywa kwa mwani wa jamii hiyo. Kimeng'enya kiliongezeka kama walivyotaka, na mafuta hayakuongezeka kabisa. Huko Roswell, katika jangwa la New Mexico, mabwawa ya majaribio yalitoa katika siku chache njema gramu 50 za mwani kwa mita moja ya mraba kwa siku, ila baridi ya usiku wa jangwani ilishusha wastani wa mwaka chini sana ya hapo. Bei ya petroli ilikuwa imeanguka, na mpango ukafungwa.

Tamaa ilifufuka pamoja na bei, ambayo mwaka 2008 ilipita dola 140 kwa pipa. Miaka hiyo hiyo sisi wa Afrika Mashariki tulikuwa tukihubiriwa mbono kaburi kuwa mmea wa mafuta, na huko Kisarawe zaidi ya hekta 8,000 za ardhi ya vijiji zilitolewa kwa shamba la mbono ambalo halikudumu. Watetezi wa mwani walisema kwamba wao hawataki shamba la mtu, kwa kuwa mwani huridhika na jangwa na maji ya chumvi. Na kwa aliyejua ya Kisarawe, ahadi hiyo ilikuwa na uzito wa haki. Mwaka 2009 kampuni ya ExxonMobil iliahidi hadi dola milioni 600 katika ushirika na kampuni ya Craig Venter, bingwa wa kusoma jeni za binadamu. Mwaka 2017 wakatangaza kwamba katika mwani uitwao Nannochloropsis gaditana wameipata jeni moja inayotawala akiba ya mafuta. Kuizima kabisa kulidhoofisha ukuaji, lakini kuipunguza nguvu tu, kama mtu apunguzavyo utambi wa taa, kulipandisha mafuta kutoka asilimia 20 hadi 40 na zaidi, na kiumbe kikaendelea kukua.

Kuhusu hatari, watu wengi huogopa kwamba mwani huo uliobadilishwa utatoroka, na hofu yao si ya bure. Mwaka 2013 kampuni ya Sapphire Energy na Chuo Kikuu cha California, San Diego, kwa idhini ya serikali, walifuga nje mwani uliobadilishwa jeni, wakaweka vyombo vya maji kandokando kwa umbali mbalimbali. Mwani ulivifikia vyombo hivyo, ijapokuwa ulipungua haraka kadiri umbali ulivyozidi, wala haukuushinda mwani wa asili. Matokeo haya yanatuliza, lakini hayatoshi kuwa hukumu juu ya kila aina. Kwani mabwawa ya wazi huvamiwa na wadudu wala mwani, na mhandisi atakaye faida atalazimika kutafuta mwani mgumu, usiolika na usiokufa upesi, na ugumu huo ndio sifa ambayo ikitoroka tutaijutia. Hatari ya pili haisemwi sana, nami naiona kubwa zaidi: mwaka 2012 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilikadiria kwamba kupata mafuta ya mwani lita bilioni 39, yaani kama asilimia 5 tu ya mahitaji ya usafiri nchini humo, kungehitaji naitrojeni tani milioni 6 hadi 15, ikiwa mbolea haitumiwi tena na tena. Mbolea hiyo ingeshindaniwa na mkulima wa mahindi, pamoja na yule wa kwetu ambaye hata mfuko mmoja humshinda bei.

Lengo lililotangazwa na ExxonMobil na mshirika wake mwaka 2018 lilikuwa uwezo wa kutoa mapipa 10,000 kwa siku ifikapo 2025, katika dunia itumiayo mapipa yapatayo milioni 100 kila siku. Mwanzoni mwa 2023 ilijulikana kwamba ExxonMobil imejitoa. Mpango wa serikali, ulipofungwa, uliacha ripoti ya mwaka 1998 yenye kurasa zaidi ya 300, ambamo kushindwa kwa jeni ya Cyclotella kumeelezwa kwa insafu sawa na ushindi, ili yeyote, wa Colorado au wa Dar es Salaam, asome bila kuomba ruhusa ya mtu. Natamani kampuni zilizofuata, zilizotumia fedha nyingi mara kadhaa kuliko za mpango huo, zilazimishwe na sheria kuandika yao.