Ng'ombe wa Mwami, Ardhi ya Mteko

Katika somo la historia, mwanafunzi wa sekondari pale Kasulu hukutana na mababu zake wakiwa wamepangwa sura moja na mabwana wa Ulaya ya Zama za Kati. Mada ni ukabaila. Yumo mtwana wa Kiingereza anayelima shamba la bwana wake, yumo shujaa wa farasi na ngome yake ya mawe, kisha zinafuata nyarubanja ya Karagwe na Buhaya, umwinyi wa pwani, na ubugabire wa Buha, nchi ya Waha. Mtihani unaridhika na mstari mmoja: mwenye ng'ombe alimpa asiye na ng'ombe, naye akalipa kwa utumishi. Jibu hilo linapata alama, ila limeacha nje nusu ya habari.

Kwanza, Buha haikuwa dola moja. Kulikuwa na Heru, Ushingo, Luguru, Muhambwe, Buyungu na Nkalinzi, kila mahali na mwami wake, yaani mfalme, wa ukoo wa Kitutsi na watwale waliosimamia milima kwa niaba yake. Majina hayo bado yapo: wananchi wa Kibondo na Kakonko wanapiga kura katika majimbo ya Muhambwe na Buyungu, na kata ya Heru Ushingo ipo Kasulu. Mpaka na Burundi haukuwa na maana uliyo nayo leo. Mapokeo mengine ya Burundi yenyewe yanasema Ntare Rushatsi, mwanzilishi wa ufalme ule, alitokea Buha.

Mfungamano wa jamii hii ulikuwa ng'ombe. Mtu aliyetaka ng'ombe alimwendea tajiri akiwa na mtungi wa pombe, akajiweka chini yake. Akikubaliwa alikabidhiwa mnyama, na tangu siku hiyo akawa mgabire. Maziwa aliyanywa yeye na wanawe, samadi ikaenda kwenye migomba yake, lakini ng'ombe alibaki wa shebuja, yule tajiri. Ua wa shebuja ukioza, mgabire alikuja kuutengeneza. Shebuja akisafiri, alimbebea mizigo. Naye mgabire alipata mtu wa kumsemea mbele ya mtwale, jambo ambalo kwa mnyonge lilikuwa na thamani kuliko maziwa. Hapo kweli anafanana na yule wa Ulaya aliyepiga magoti na kuweka mikono yake katikati ya mikono ya bwana. Tofauti ni kwamba bwana wa Ulaya alitoa ardhi.

Shebuja wa Buha hakuitoa ardhi, kwa sababu kidini haikuwa yake. Ilikuwa ya mteko. Abateko walitoka katika koo zilizotangulia kufyeka misitu, na kwa imani ya watu wao ndio waliopatana na mizimu ya vilima, vijito na vichaka vya pahali pale. Mgeni aliyetaka kulima alipaswa kupita kwao. Shamba likikataa, mvua ikichelewa, wao ndio walioulizwa. Watutsi walikuja na mifugo na ngoma za utawala, wakatawala watu, lakini mapatano na udongo waliyakuta yamekwisha fungwa. Mwami mwenye akili hakumdharau mteko.

Ulaya nayo iliujua mvutano huo wa mtawala na mwenye mamlaka ya dini. Januari 1077, mfalme Heinrich IV wa Ujerumani alisimama siku tatu kwenye theluji nje ya ngome ya Canossa akisubiri Papa Gregory VII amwondolee laana ya kutengwa na Kanisa. Buha hakukuwa na papa; palikuwa na wazee wengi, kila mmoja na kilima chake. Ni vigumu kuliteka kanisa la namna hiyo, kwa kuwa halina makao makuu. Kando ya abateko ilikuwepo ibada ya Kiranga, iliyoenea hadi Burundi, ambamo aliyewekwa wakfu aliingia udugu uliovuka mipaka ya ukoo.

Vita vya Buha havikuacha magofu ya ngome. Watu waliishi wametawanyika, kila mji na ua wake, wakipigana kwa mishale na mikuki, mara nyingi kwa ajili ya ng'ombe. Katikati ya karne ya 19 walitokea Watuta, Wangoni waliotoka kusini, wakaisumbua nchi mpaka Ujiji. Misafara ya biashara nayo ilitozwa hongo. Novemba 1871 Henry Stanley, akielekea Ujiji kumtafuta Livingstone, alilipishwa doti za nguo na mkubwa mmoja wa Buha, kesho yake akadaiwa tena, na akaambiwa mbele wako wengine wanasubiri. Akatoroka usiku kupitia msitu wa mianzi. Katika kitabu chake anawalalamikia Waha kama wanyang'anyi. Msafiri wa mto Rhine wa Zama za Kati, aliyelipa ushuru chini ya kila ngome, angeona hilo ni jambo la kawaida.

Kilichokata kamba ya ubugabire ni ugonjwa. Sotoka ya miaka ya 1890 iliua ng'ombe wengi Afrika Mashariki, na shebuja asiye na ng'ombe hana wagabire. Wajerumani waliweka kituo cha kijeshi Ujiji mwaka 1896, Wabelgiji wakaja 1916, Waingereza wakapokea nchi 1921. Chini ya Waingereza mwami akawa mtu wa mshahara na kodi, na vijana wa Kasulu na Kibondo wakaitafuta hela ya kodi hiyo kwenye mashamba ya mkonge, wakiitwa manamba. Heru ilipata hata mwami mwanamke, Theresa Ntare. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika ikafuta uchifu.

Mteko hakuwa kwenye orodha ya mishahara, kwa hiyo sheria ile haikuwa na cha kumfuta. Kwake pigo zito lilikuja na Operesheni Kigoma, mwaka 1972, watu walipohamishwa kutoka miji yao ya vilimani na kupangwa katika vijiji vya barabarani. Waliondoka na mbegu, majembe na milango ya nyumba. Vichaka vya matambiko vilibaki kwenye vilima vyao, na ardhi mpya ikagawiwa na kamati ya kijiji.