Chuku, Sindano na Mrija: Tiba ya Kifua katika Njia ya Misafara ya Tabora na Ujiji, 1869–1873

Mwanzoni mwa Januari 1869, msafara wa mfanyabiashara Muhammad Bogharib ulikuwa ukielekea Ziwa Tanganyika kutoka magharibi. Katika msafara huo David Livingstone, daktari aliyefuzu Glasgow mwaka 1840, alilala hoi kwa kichomi. Alikohoa usiku na mchana, makohozi yakitoka na rangi ya kutu pamoja na damu, naye akapoteza hesabu ya siku. Sanduku lake la dawa lilikuwa limeibwa miaka miwili kabla. Tarehe 8 na 9 Januari, kwa mujibu wa shajara yake, Bogharib alifika, akapatikana mpiga chuku, na kifua cha daktari kikaumikwa.

Ni rahisi kulisoma tukio hili kama kisa cha mtaalamu wa Ulaya aliyelazimika kuangukia tiba ya kienyeji. Usomaji huo haukubaliki. Pembe ya mpiga chuku hubandikwa mwilini, hewa hufyonzwa kupitia tundu la nchani, tundu likazibwa kwa nta. Kisha ngozi huchanjwa na pembe kurudishwa ili ivute damu. Madaktari wa Uingereza wa kizazi cha Livingstone walifanya jambo lilo hilo kwa vikombe vya kioo, na kwa nadharia inayokaribiana sana nayo: kupunguza damu iliyosongamana karibu na mahali penye maumivu. Mgonjwa na mganga wake walielewana pengine kuliko wasomaji wa baadaye walivyotaka kukiri.

Hata hivyo chuku haifiki mbali. Damu inayoitoa ni ya ngozi na nyama zilizo chini yake tu. Uwazi ulio kati ya tando mbili zinazofunika pafu, ambamo maji au usaha huweza kujaa baada ya kichomi, hauguswi. Kwa maradhi hayo Ulaya na Marekani zilikuwa zimeanza kutumia njia nyingine. Mwaka 1850 huko Boston, Henry Bowditch alichoma kifua kwa sindano nyembamba iliyounganishwa na bomba la kufyonza la Morrill Wyman. Lakini linganisho hili lina mtego wake. Makohozi ya rangi ya kutu ni dalili mashuhuri ya kichomi chenyewe, yaani ugonjwa ulio ndani ya pafu, wala si uthibitisho wa maji nje yake. Iwapo hapakuwa na maji, sindano ya Boston isingemfaa Livingstone zaidi ya pembe ya mpiga chuku.

Wala huko ng'ambo njia hazikuwa zimetulia. Sindano hutoa maji mepesi. Usaha mzito huiziba, nao hurudi. Mwaka 1875 Gotthard Bülau wa Hamburg alianza kutumia mrija ambao ncha yake ya nje ilizamishwa majini, ili usaha utoke na hewa isirudi kifuani. Wengi waliendelea kupasua na kuacha jeraha wazi. Katika homa kuu ya mafua ya 1918, tume ya jeshi la Marekani ilibaini kwamba kupasua mapema, kabla tando hazijashikamana, kuliingiza hewa, pafu likasinyaa na askari wakafa. Njia ya mrija uliofungwa ikapata nguvu.

Livingstone alifika Ujiji tarehe 14 Machi 1869, akaambiwa kuwa dawa alizotumiwa zimebaki Unyanyembe, yaani Tabora, mwendo wa siku kumi na tatu. Alipona bila hizo. Tabora yenyewe aliiona Februari 1872, akaishi Kwihara hadi Agosti, kisha akaelekea kusini.

Alifariki kwa Chitambo mwanzoni mwa Mei 1873. Kifua kilichowahi kuumikwa sasa kilipasuliwa, na aliyeshika kisu alikuwa Farijala, aliyewahi kumtumikia daktari mmoja Unguja na kuona maiti ikichunguzwa. Wenzake walieleza kuwa mapafu yalikuwa yamekauka, yana madoa meusi na meupe, na upande wa kushoto palikuwa na bonge la damu. Maji hayakutajwa. Mwili ulikaushwa kwa chumvi na jua, ukafungwa, na mnamo Oktoba 1873 wachukuzi waliuingiza Tabora. Luteni Cameron aliwashauri wauzike hapo. Chuma, Susi na wenzao walikataa, wakashika njia ya Bagamoyo.