Gari la Mgeni, Damu ya Jirani

Bei ya mafuta ilipopanda mwaka 1973, Wamarekani wengi waliyaelekea magari madogo ya Kijapani, yasiyokunywa petroli nyingi. Viwanda vya Detroit vikapunguza wafanyakazi, na aliyenunua Toyota akaonekana msaliti wa nchi yake. Mwaka 1981 Japani ikakubali kujiwekea ukomo: magari 1,680,000 kwa mwaka.

Lakini hasira haina macho. Juni 1982, karibu na Detroit, Vincent Chin, kijana wa miaka 27, alipigwa kwa gongo la besiboli na watu wawili, mmoja wao msimamizi wa kiwanda cha Chrysler. Alifariki baada ya siku nne. Asili yake ilikuwa ya Kichina, si ya Kijapani. Shahidi alisema alisikia Chin akilaumiwa kwa ukosefu wa kazi. Wauaji walitozwa faini ya dola 3,000 kila mmoja, jela hawakuingia.

Novemba mwaka uleule, Honda ilianza kuunda Accord huko Marysville, Ohio, kwa mikono ya Wamarekani. Basi, msomaji, gari geni ni lipi? Kuipenda nchi ni wema. Kumchukia jirani kwa ajili yake ni kuiaibisha.