Walowezi wa Mirihi

Tangu mwaka 1877, Giovanni Schiaparelli, mwanafalaki wa Milan, alipoielekeza darubini yake kwenye sayari ya Mirihi akachora katika ramani mistari iliyokatiza nchi ile huku na huku, waandishi hawakuiacha tena nyota hiyo nyekundu. Percival Lowell, tajiri wa Boston aliyejenga nyumba ya kutazamia nyota huko Flagstaff mwaka 1894, alishikilia kwa yakini kwamba mistari ile ni mifereji iliyochimbwa na viumbe wenye akili, ili kuleta maji ya ncha za sayari kwenye mashamba yaliyokauka. Na itikadi hiyo ikazaa riwaya nyingi. Hata Ray Bradbury, alipotoa hadithi zake za Mirihi mwaka 1950, aliwapeleka watu wa dunia katika nchi yenye wenyeji na miji ya kale.

Julai 1965 chombo cha Marekani, Mariner 4, kilipita karibu na sayari hiyo kikaleta picha zaidi ya 20, na ndani yake hamkuonekana mfereji wala shamba, ila mashimo na jangwa. Na hewa yake ikabainika kuwa hafifu mno, haifiki sehemu moja katika mia ya hewa tuivutayo sisi.

Ukiwa huo ndio alioufanya Kim Stanley Robinson kuwa maudhui ya riwaya zake tatu, Red Mars (1992), Green Mars (1993) na Blue Mars (1996), ambazo kwa rai yangu hazina mfano katika fani hii. Walowezi wake 100 wa kwanza wasafiri mwaka 2026, na kwa dawa ya kurefusha umri baadhi yao wanaishi hadi karibu karne mbili baadaye, wakiyaona matokeo ya matendo yao wenyewe. Sax Russell, mwanafizikia, aona ni wajibu kuitia joto sayari ile, kuizidishia hewa na kuyayeyusha maji yaliyoganda. Ann Clayborne, mtaalamu wa miamba, ashuhudia kwamba mawe yaliyodumu miaka maelfu ya milioni yana haki ya kuachwa yalivyo. Mtunzi hamdhalilishi yeyote kati yao, na huo ndio uadilifu wake. Kisha yaja makampuni ya duniani kutafuta madini, na msomaji wa Kenya, ambaye habari za walowezi na ardhi amezirithi kwa wazee wake, hatahitaji kufasiriwa kwa nini maasi yazuka huko Mirihi.

Namnasihi msomaji huyo aanze na Red Mars, wala asiziruke kurasa ndefu za miamba na barafu, maana asiyezisoma hatamwelewa Ann.