Noti Tano za Wapiga Gitaa wa Bluzi

Wanamuziki Weusi wa kusini mwa Marekani ndio walioipa skeli ya noti tano heshima yake katika upigaji wa solo za gitaa za kubuni papo hapo. Gitaa la kawaida lilikuwa likimezwa na matarumbeta na ngoma. Umeme ulipoingia miaka ya 1930, liliweza kusikika peke yake. Mpiga gitaa T-Bone Walker wa Texas alionyesha njia, na rekodi yake ya "Stormy Monday" ya mwaka 1947 ilimfanya kijana B.B. King atamani gitaa la umeme.

Wapiga gitaa wengi walijifunza kwa sikio. Sindano ya gramafoni ilirudishwa nyuma tena na tena. Baadaye, wengine walipiga santuri ya mizunguko 33 kwa dakika kwa mwendo wa 16. Kasi ilipungua kwa takriban nusu, sauti ikashuka oktava moja, na kila noti ikasikika wazi.

Katika skeli ya La maina, noti hizo tano ni La, Do, Re, Mi na Sol. Kidole cha shahada hukaa nafasi ya tano shingoni, na kila uzi hutoa noti mbili tu. Utamu wenyewe umo katika kuvuta uzi: Re ya uzi wa tatu husukumwa taratibu hadi ifike Mi, kama mwimbaji anayelalama. King alizoea kuimba mstari, kisha gitaa likaujibu.

Mwaka 1966, albamu ya wanamuziki Waingereza John Mayall na Eric Clapton iliusambaza mtindo huo miongoni mwa vijana wa Uingereza, ukawa msingi wa solo za roki.